Utani Hauandikwi

Kanuni ya nne niliiandika mwenyewe, Jumanne asubuhi, katika ofisi ya Tufike iliyo juu ya duka la vipuri la Bwana Abdillah, mjini Sumbawanga. Hakuna aliyenilazimisha. Naanza kwa kusema hivyo ili msomaji asije akamtafuta mkosaji mwingine.

Tufike ni programu ya simu. Mwenye mzigo huita pikipiki, mzigo husafirishwa, na ukishafika yeye hutoa nyota, moja hadi tano, na kuandika maoni ambayo kila mtu aweza kuyasoma. Bwana Abdillah, ambaye baba yake na babu yake walikuwa watu wa malori, alikuwa amechoshwa na maoni yasiyojibiwa.

"Mwalimu," alizoea kuniita hivyo ingawa sijawahi kufundisha, "watu wanatusema hadharani na sisi tumenyamaza kama wakwe. Weka utaratibu. Mashine ijibu yenyewe."

Utaratibu ni kitu ninachokijua. Nilisoma bweni miaka sita, na katika miwili ya mwisho nilikuwa kaka mkuu wa wavulana mia nane. Kila Ijumaa, mbele ya bendera, nilisoma kwa sauti majina ya wakosaji: jina lake, la baba na la ukoo. Kisha fimbo zikafuata. Katika shule ile masanduku hayakufungwa kwa kufuli. Nilitoka pale nikiamini kwamba kosa lisilotajwa jina la mtendaji huwa kosa la wote.

Basi nikaandika. Nyota tano zishukuriwe. Nyota moja au mbili ziombwe radhi. Matusi yakataliwe kwa adabu. Kanuni ya nne ilihusu wizi, na hiyo sikutaka iwe laini, kwa kuwa msimu ule maksai wa kulimia walikuwa wakiibwa uwanda mzima wa Ufipa, na mlinzi mmoja katika njia ya kwenda Matai alikatwa mkono kwa panga. Mkono ukaokotwa asubuhi, vidole bado vimeshika kamba ya ng'ombe. Mashine ikikuta neno "mwizi", "wizi" au "ameiba", ingejibu hivi, ikijaza yenyewe jina la dereva na namba ya pikipiki:

"Ndugu mteja, tunasikitika kwa wizi uliotendewa. Mhusika ni fulani, pikipiki namba fulani. Amesimamishwa kazi kuanzia sasa, na kampuni itashirikiana na wananchi ili achukuliwe hatua kali. Uongozi."

Niliipenda sana sentensi ya mwisho. Neno "wananchi" lilikuwa na uzito wa gwaride.

Niliongeza mambo mawili. Kwanza, kanuni ya nne itangulie zote, hata kama nyota ni tano, kwa sababu watu wetu ni wapole mno: humpa mtu nyota tano kisha ndipo wakalia. Pili, mteja akibadilisha maoni yake, mashine ijibu upya, asije mtu akaingiza neno kwa mlango wa nyuma.

Tulipoijaribu, Maulida wa dawati la wateja alicheka hadi akaegemea ukuta. "Kaka Flavian, mashine yako inaona wachawi mji mzima!" Nilikuwa nimeifundisha ilikatae neno "wanga", nayo ililikuta ndani ya jina la Sumbawanga, ikawajibu watu kumi na wawili kwamba kampuni haijihusishi na ushirikina. Nilirekebisha kwa dakika mbili: neno lisomwe zima, si kipande. Nikaona nimemaliza.

"Na mtu akitania je?" Maulida aliuliza, akijifuta machozi.

"Akitania vipi?"

"Si unajua watu wetu, kaka. Bibi yangu mjukuu akimaliza maandazi anamwita mwizi, jambazi, mpaka majirani wanatoka."

"Utani hauandikwi, Maulida. Mtu akishaandika, amekusudia."

"Haya, kaka mkuu," akasema, na akarudi mezani kwake.

Alhamisi, saa nne kasoro, kioo cha kompyuta kilinionyesha maandishi haya: Kanuni ya nne imetumika, mara 1. Nakiri kwamba nilifurahi. Nilifungua nikalisoma jibu lote, nikitazama kama nukta na mikato imekaa mahali pake. Ilikuwa imekaa. Jina lililosomwa lilikuwa la Ngeleja Mabula, mmoja wa madereva wetu, mtoto wa wafugaji waliohamia huku kutoka Usukumani. Maoni yenyewe niliyapitia juu juu tu. Maulida ndiye aliyeyasoma, naye aliyasoma amesimama.

"Kaka, huyu ni Redempta wa dagaa. Sikiliza alichoandika. 'Mwizi wa ng'ombe huyu! Aliniibia mdogo wangu, leo kaniletea dagaa wangu wa Wampembe, wamefika wakavu, hata mmoja hajavunjika kichwa. Mwizi huyu msimwachie, mpeni kazi nyingi asipate muda wa kuiba tena.' Nyota tano! Kaka, Ngeleja kamwoa Hellena, mdogo wake Redempta. Huyu ni shemeji yake!"

"Basi aandike kama shemeji," nikasema.

Simu yangu ililia kabla hajanijibu. Alikuwa Ngeleja. Asubuhi ile alikuwa amepeleka dawa ya kuogeshea mifugo katika mnada wa ng'ombe, kilomita ishirini hivi kutoka mjini, kwenye njia ya Matai. Kijiji sitakitaja.

"Bosi Flavian, shikamoo. Eti mmenisimamisha kazi?"

"Ngeleja, uko wapi?"

"Hapa mnadani. Tangazo lenu limerushwa kwenye makundi ya wafugaji, watu wananisoma kwenye simu zao, bosi. Wanaangalia namba ya pikipiki. Naona wanazunguka. Bosi, hebu waambie, nakupa mmoja uongee na…"

Nikasikia sauti niliyoifahamu tangu bwenini, mti ukikutana na nyama. Simu haikukatika. Ilianguka chini ikaendelea kunisomea: vumbi, miguu, mtu akipumua kama anayenyanyua gunia, na sauti nyingi zikisema neno moja. Neno lilikuwa "taja". Taja wenzako. Taja majina.

Nilichukua ufunguo wa pikapu. Maulida alinipigia kelele kutoka ngazini nimpitie Redempta, yuko sokoni, na sokoni ni njiani. Sikuizima kanuni. Niliona la kwanza ni mtu, mashine ingesubiri. Na neno la siri la kuifungulia sikuwa nimempa mtu yeyote.

Redempta alikuwa mwanamke mnene, na mikono yake ilinuka ziwa. Aliingia garini na mzani wake mkononi, akausahau mapajani. Nilipomweleza, hakulia. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba maji yamewaka.

"Baba, mimi nilimtania. Shemeji yangu! Nisipomtania Ngeleja nimtanie nani, padri?"

"Ulimwandika kuwa ni mwizi wa ng'ombe."

"Ndivyo ninavyomwita! Mwaka wa saba huu namwita hivyo. Akiingia kwangu asipotukanwa, anauliza kama kuna msiba."

Akatoa simu. Nilikuwa nikiendesha kwa kasi ambayo sijawahi kuendesha, na kwa pembe ya jicho niliona kidole chake kikigonga herufi moja moja. Alikuwa akiyabadilisha maoni yake. Akayasoma kwa sauti alipomaliza: "Ngeleja si mwizi. Narudia, si mwizi. Ulikuwa utani wa shemeji." Akabonyeza.

Simu ikalia papo hapo.

"Kaka," akasema polepole, "inanijibu." Na akasoma. "Ndugu mteja, tunasikitika kwa wizi uliotendewa. Mhusika ni Ngeleja Mabula…"

"Acha kuandika," nikamwambia.

Hakuniacha nimalize. Alikuwa ameshaanza tena, midomo ikifuata kidole: "Jamani si mwizi wa ng'ombe, mwacheni, ana watoto." Simu ikalia. Mhusika ni Ngeleja Mabula. Kampuni itashirikiana na wananchi.

"Mbona haisikii? Nimesema *si*!"

"Haijui *si*. Inajua neno tu. Liondoe hilo neno!"

"Neno gani?"

"Mwizi!"

"Sasa nitasemaje kwamba si mwizi bila kusema mwizi?"

Miaka sita ya bweni, cheti cha daraja la kwanza, na sikuwa na jibu la mwuza dagaa. Nilimpigia Maulida. Akapokea huku analia: watu walikuwa wanayapiga picha majibu yale na kuyarusha kwenye makundi ya wafugaji, kila jibu jipya na saa yake, na mtu ameandika chini yake kwamba kampuni imethibitisha mara tatu.

"Neno la siri, kaka! Nipe niizime!"

Nilisita. Naandika hili kwa aibu, lakini nimeapa kuandika yote. Nilisita kwa sababu ya lile neno lenyewe.

"Kaka Mkuu," nikasema. "Herufi kubwa mbili, bila nafasi."

"Nini? Mtandao unakata!"

"KAKA MKUU!" nikapiga kelele, na Redempta akageuka kunitazama, na mtandao ukakatika kwenye mteremko ule unaojulikana na kila dereva.

Moshi ulituonyesha mahali. Pikipiki ilikuwa ikiungua katikati ya uwanja wa mnada, na dawa ya mifugo iliyokuwa imefungwa nyuma yake ilikuwa ikitoa moshi mweupe uliochoma koo. Ng'ombe zizini walikuwa wakigongana na kupanda migongoni kwa wenzao. Watu walikuwa kama mia tatu. Sikuona hasira nyingi nyusoni mwao. Wengi walikuwa na uso wa watu wanaofanya kazi waliyokubaliana.

Ngeleja alikuwa amefungwa kwa mnyororo wa plau kwenye nguzo ya kupakilia ng'ombe. Shati halikuwapo. Mkono wa kulia ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo. Walikuwa wakimpiga kwa zamu, wakipumzika ili aseme, kwa maana hawakutaka afe kabla ya kutaja. Aliyeshika zamu wakati ule alikuwa mwanamume mrefu mwenye viatu vya mpira na mpini wa shoka. Nilikuja kumjua baadaye: Loth, ndugu yake yule mlinzi aliyekatwa mkono.

"Taja mmoja," Loth alikuwa akimwambia, bila kupandisha sauti. "Mmoja tu nipumzike."

"Sina… mwenzangu," Ngeleja akasema.

Mpini ukashuka juu ya goti. Nilisikia goti likivunjika na nikasikia watu wakihesabu.

Nilipenya. Nilikuwa nimevaa tai, na watu wa kwetu bado huipisha tai. Nikapanda juu ya gogo, nikatoa sauti ile ya mstarini ambayo haijanitoka tangu ujana, na ikafanya kazi kama ilivyofanya siku zote. Uwanja ukanyamaza.

"Simameni! Mimi ni afisa wa Tufike. Tangazo mnalolisoma nimeliandika mimi."

Loth akashusha mpini. "Wewe?"

"Mimi."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Akawageukia watu. "Mmesikia? Kampuni imekuja yenyewe."

Ukapita mngurumo wa kuridhika. Hapo ndipo palikuwa na neno moja la kusema, nalo lilikuwa jepesi: nilikosea. Sikuwahi kulisema mbele ya watu. Nilifungua kinywa, na kilichotoka, Mungu anisamehe, kilikuwa maelezo. Nilisema, "Utaratibu wenyewe uko hivi. Kuna kanuni nne, na ya nne hutangulia…"

"Anasema nini huyu?" mtu akauliza.

"Anasema ya nne."

"Basi mpeni ya nne!"

Na wakampa. Jiwe lilitoka upande wa kushoto, si kubwa, la ukubwa wa kiazi, likampata Ngeleja katika jicho. Nililiona jicho likipasuka kama nyanya. Alitoa sauti ambayo haikuwa neno la lugha yoyote, na kutoka nyuma yangu mtu akaja amebeba tairi begani na chupa ya petroli mkononi. Watu wakampisha kama walivyonipisha mimi.

Redempta alinipita. Alikuwa bado ameshika mzani. Alimsukuma mwenye tairi kwa nyonga akayumba, akaenda moja kwa moja hadi kwenye nguzo, akasimama mbele ya Ngeleja, akamzaba kibao.

"We mwizi!" akapiga kelele. "Mwizi mkubwa we!"

"Mpige, mama!" watu wakashangilia.

"Nitampiga! Nina haki kuliko nyie wote! Nyie kawaibia ng'ombe? Mimi kaniibia mtu!" Akawageukia, mkono mmoja kiunoni, sauti ya sokoni. "Hellena, mdogo wangu wa tumbo moja! Alimpakia kwenye pikipiki hii mnayoichoma, akampitisha mbele ya mlango wangu akipiga honi! Honi, jamani! Nimetoka na mwiko mkononi, naona vumbi! Mnasema mwizi wa ng'ombe. Ndiyo! Mimi ndiye niliyempa hilo jina! Mmemwona Msukuma asiye na hata ndama? Nikamwambia, shemeji, wewe kama hufugi basi unaiba! Na miaka saba ananijibu, dada, ng'ombe ninayetaka kumwiba ni wewe, ila pikipiki haikubebi!"

Bibi mmoja aliyekuwa akiuza pombe pembeni akacheka. Kicheko kilimtoka bila ruhusa, akaziba mdomo kwa mkono. Lakini kilikuwa kimeshasikika.

"Jamani," bibi yule akasema, "huyu si shemeji yake?"

Neno likatembea. Shemeji. Ni shemeji yake. Anamtania. Nililiona likipita katika uwanja ule kama upepo kwenye ulezi, vichwa vikigeuka kimoja baada ya kingine. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Watu walewale waliosoma maneno hayohayo kwenye simu zao na kuokota mawe, sasa waliyasikia kwa sauti ya mwenyewe na kuyajua mara moja, kama mtu anavyoijua harufu ya kwao. Mawe yakaanza kuanguka. Hayakutupwa, yaliachiwa. Mwenye tairi alilitua chini taratibu, akakaa juu yake, akainamisha kichwa.

Redempta alikuwa bado anatukana, ila sasa machozi yalikuwa yanamwingia mdomoni, na mikono yake ilikuwa ikihangaika na mnyororo.

Loth hakusogea. "Ulikuwa utani?" akamwuliza.

"Utani, baba."

"Kwa nini uliuandika?"

"Niliandika ninacheka," Redempta akasema. "Nilidhani inaonekana."

Loth akanigeukia mimi. Uso wake ulikuwa umetapakaa damu ya mtu mwingine. "Na wewe? Ulikuwa unacheka?"

"Ile ni mashine iliyo…"

"Umesema mkono wako."

Ndipo nilipolisema. "Niliandika uongo. Huyu si mwizi. Mimi ndiye mkosaji." Na kwa kuwa sikujua namna nyingine ya kusimama mbele ya watu, nilitaja majina yangu yote matatu, langu, la baba na la ukoo, kwa sauti ya mstarini.

Alinipiga mdomoni. Mara moja tu, kwa nguvu zake zote. Nilisikia meno yakiingia ndani kabla sijasikia maumivu, na nikaanguka kifudifudi katika samadi. Hakuna aliyemshika. Nilipoinua kichwa alikuwa ameketi chini, mpini magotini, akiangalia mkono wake wa kulia, akiufumba na kuufumbua.

Polisi walipofika walitukuta tukimbeba Ngeleja kwenye pikapu, Loth akiwa ameshika miguu. Waliniuliza nani alinipiga. Niliwaonyesha kwa ishara kwamba siwezi kuongea, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Maulida alikuwa amelisikia neno la siri hata hivyo, akaizima kanuni baada ya jibu la tano, kwa kuwa Redempta alikuwa ameandika mara mbili zaidi njiani. Kesho yake, kwa kidole changu mwenyewe, niliandika jibu la sita chini ya maoni ya Redempta: kwamba Ngeleja hakuiba chochote, na kwamba aliyetangaza uongo ni mimi, majina matatu. Bwana Abdillah alitaka niondoe majina, kwa heshima ya kampuni. Nilikataa. Tangu siku hiyo Tufike haijibu maoni ya mtu yeyote mpaka mtu ayasome, tena kwa sauti, na Maulida ndiye msomaji. Mimi niliandika barua ya kuacha kazi.

Jumapili ya tatu nilikwenda hospitali. Mguu wa Ngeleja ulikuwa umening'inizwa, mkono umefungwa plasta, na mahali pa jicho palikuwa na pamba. Redempta alikuwa ameketi kitandani akimnywesha uji kwa kijiko. Alimwita "bwana Ngeleja". Bwana Ngeleja, fungua kinywa. Bwana Ngeleja, pole. Alikuwa anamtendea kama mgeni wa serikali.

Nilisimama mlangoni nimeshika kofia. Meno yangu manne hayakuwapo, na maneno niliyoyatayarisha yalikuwa ya mtu mwenye meno. Ngeleja aliniona kwa jicho lililobaki, kisha akamgeukia Redempta.

"Shemeji," akasema, sauti ikikwaruza. "Uji huu… umeuiba wapi?"

Niliona bega la Redempta likitikisika. Kicheko kilikuwa njiani. Nilikiona kikipanda hadi kooni. Kisha akakimeza. Akageuka haraka kunitazama mimi, mkononi, kuona kama nimeshika simu.